Nyaraka za vivinjari: chanzo kimoja, au kila kampuni na zake?

Oktoba 2017, Microsoft, Google, Samsung na W3C (shirika la viwango vya wavuti) walikubaliana na Mozilla, wenye Firefox, kwamba MDN Web Docs, tovuti yao ya nyaraka, iwe marejeo ya pamoja ya watengenezaji tovuti. Ulikuwa uamuzi mzuri. Mtengenezaji hana muda wa kusoma maelezo manne ya kitu kimoja, na kila kampuni ikieleza kivinjari chake tu, kazi ya kulinganisha inamwangukia yeye. Jedwali la MDN humwonyesha mara moja ni toleo gani la Chrome, Edge, Firefox au Safari lilianza kukubali kitu fulani cha kwenye msimbo.

Lakini wote wakitegemea kisima kimoja, kikikauka wote wana kiu. Agosti 2020 Mozilla ilipunguza wafanyakazi wapatao 250, waandishi wa MDN wakiwemo. Pengo lilizibwa kwa sehemu na Open Web Docs, iliyoanzishwa Januari 2021 ili waandishi walipwe. Miongoni mwa waliotoa fedha ni Google na Microsoft, wenye vivinjari vyao wenyewe.

Kingine ni kwamba jedwali likisema "ndiyo" halijasema yote. Chukua 100vh, kipimo cha urefu wote wa skrini. Vivinjari vyote vinakikubali. Ila Safari ya iPhone hukipiga hesabu kana kwamba upau wa anwani umeshajikunja. Upau ukiwa bado wazi, kitufe cha "Lipa" ulichokiweka chini kabisa kinafichika, na mteja anadhani ukurasa umeishia hapo. Dawa yake, kipimo cha dvh kinachofuata urefu unaoonekana kwa wakati huo, iliingia Safari 15.4 mwaka 2022. Mambo ya namna hii utayapata mapema zaidi kwenye taarifa za matoleo za WebKit, injini inayoendesha Safari, yaani kwa wenye injini yenyewe.

Kwa hiyo mimi huanzia MDN kujua kitu kipo au hakipo, kisha naenda kwa mwenye kivinjari kujua kinafanyaje kazi. Alama ya Baseline, iliyoanza 2023 kuonyesha kitu kinachokubaliwa na vivinjari vikuu vyote, inasaidia, lakini inapima vivinjari vinne vile vile tu. Opera Mini, ambayo watu wengi kwetu wanaitumia kuokoa bando, haimo. Ikiwa wateja wako ni hao, azima simu ya bei nafuu, ifungue tovuti yako humo, ujaze fomu mpaka mwisho.