Baba Yangu Hakuzaliwa Kenya, Alizaliwa Malindi

Nilikuwa nimejiapiza sitagusa siasa mpaka mwaka uishe. Lakini Jumamosi jioni nilipita mtaa wa Muyeye, hapa Malindi, nikamkuta mheshimiwa mtarajiwa ameshika kipaza sauti, na kwa dakika kumi tu alikuwa ameshatutibu maradhi yetu yote. Eti vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyofunga mahoteli. Vitambulisho visigawiwe kama njugu, maana watu wa kuja wamejaa. Kisha akashusha sauti, kama mtu anayekupa siri: "Na wengine mnawajua kwa majina tu." Watu wakacheka. Jirani yangu naye akacheka, na jina lake ni Juma.

Haya, tuanze na majina.

Mwana wa dada yangu ana miaka 19. Mwezi uliopita alikwenda kuomba kitambulisho, nami nikamsindikiza kwa kuwa nazijua zile ofisi. Alikuwa na cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, nakala ya kitambulisho cha mama na cha baba. Mwenzake waliyekaa naye dawati moja, mwenye jina la Biblia, karatasi zake zilipokewa, akachukuliwa alama za vidole, akaenda zake kunywa soda. Wetu akaelekezwa kwenye benchi la upande wa pili, la wanaopigwa msasa, yaani wanaohojiwa uraia wao mbele ya wazee. Wazee hukaa Alhamisi. Rudi Alhamisi.

Alhamisi tukarudi. Mezani walikuwa watu watano, na katikati yao mzee mmoja wa kofia ya viua aliyemzika baba yangu. Sisemi alimjua. Nasema alishuka naye kaburini, mimi nikiwa kichwani na yeye miguuni. Mzee huyo akavaa miwani, akamkazia macho mjukuu wa rafiki yake.

"Babu yako ni nani?"

Kijana akamtajia.

"Alizaliwa wapi?"

"Hapa hapa Shela, babu."

"Una hakika?"

Baadaye akaulizwa chifu wetu anaitwa nani, na aliyeuliza ni chifu. Nikacheka. Nikaombwa nitoke nje.

Nje, chini ya mwarobaini, nikawakuta wenzetu wa msasa: mabinti wawili wa Kibajuni, mama mmoja wa Kiarabu kutoka mtaa wa Barani, na kijana Mgiriama ambaye mashamba ya kwao yako Ganda tangu hakuna barabara. Kosa la huyu wa mwisho ni kwamba babake alisilimu, naye akaitwa Abdalla. Binamu zake, kina Kazungu na Karisa, vyao walishavichukua. Boma moja, bibi mmoja, mnazi mmoja. Sasa mniambie hapo kinachokaguliwa ni uraia au ni jina.

Hatimaye wakataka karatasi ya babu. Na hapo ndipo hasira yangu ilipopanda, kwa sababu baba yangu hakuzaliwa Kenya. Alizaliwa Malindi mwaka 1934, na Malindi wakati huo ilikuwa ndani ya ukanda wa maili kumi, ardhi ya Sultani wa Zanzibar ambayo Mwingereza aliisimamia kwa mkataba wa 1895. Bendera iliyopepea pwani hii ilikuwa nyekundu. Oktoba 1963 waliandikiana viongozi wa Nairobi na wa Zanzibar, Desemba tukawa Kenya, na mzee wangu alikuwa palepale alipokuwa, anaparuza mashua yake. Hakuvuka mpaka wowote. Mpaka ndio uliomvuka yeye. Leo mjukuu wake anadaiwa karatasi ya nchi ambayo babu alikuwa na ndevu ilipozaliwa! Kipande chake cha zamani, kitambulisho cha enzi za mkoloni, kililiwa na mchwa. Mchwa wa Malindi, raia wema, sijasikia wakiulizwa lolote.

Kipande chenyewe tunakisahau kilitoka wapi. Wazungu walikianzisha baada ya vita vya kwanza ili Mwafrika asitoroke kazi. Kikaning'inizwa shingoni ndani ya kijikopo, na Harry Thuku, mwanaharakati wa Nairobi, alikamatwa 1922 kwa kelele za kipande na mishahara, vyote pamoja. Kwa hiyo anayeniambia kitambulisho ni habari moja na chama cha wafanyakazi ni habari nyingine, hajui historia au anatuchezea.

Mgeni aliyepokewa vizuri kuliko wote mji huu ni Vasco da Gama. Alifika 1498, meli zake zina mizinga, hakuulizwa babu. Akapewa rubani wa kumfikisha India, na nguzo yake mpaka leo tunawapeleka watoto wa shule wakapige picha.

Sitaki kusingiziwa. Sisemi mipaka iachwe wazi kama mlango wa msikiti. Garissa mwaka 2015, magaidi waliposhambulia chuo kikuu, walikufa watu 148, wengi wao wanafunzi, na aliyezoea kuyasema haya kijuujuu akawatazame wazazi wao kwanza. Nakubali. Ila mtu mwenye nia ile huja na karatasi zilizotimia, zimepigwa mihuri, zinang'aa. Asiye na karatasi ya babu ni huyu wetu wa Shela anayeuza maji ya madafu. Na nampa Rais haki yake pia, ingawa kalamu inagoma: Februari 2025 alisimama Wajir akatangaza msasa wa vitambulisho kwa watu wa mipakani umekwisha. Wako waliosema ni kura za 2027 zinatafutwa. Yawezekana. Mimi nimeridhika na kura iliyotafutwa kwa haki kuliko haki isiyotafutwa kabisa. Lakini benchi nililolikuta mwezi uliopita lilikuwa limejaa, na walilokuwa wakilifanya pale waliliita "uhakiki".

Sasa mahoteli.

Nilifanya kazi jikoni, hoteli moja ya ufuoni, miaka 11, na minne kati yake nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi. Pale nilikuwa na mwenzangu Mpemba tukimwita Baharia. Babake alikuja na mashua akakaa Mayungu, yeye akazaliwa Mayungu, akakulia Mayungu. Baharia alikuwa akipaa samaki kilo 20 za changu kabla mimi sijamaliza chai, magamba yamemjaa mpaka kwenye nyusi. Mwisho wa mwezi sisi tulipata karatasi ya mshahara. Yeye alipata bahasha, mara nyingi imeshatumika, juu imefutwa jina la mtu mwingine, na ndani yake chini ya nusu ya kile nilichopata mimi. Hana namba ya kitambulisho, basi hana akiba ya uzeeni, hana bima, hana msimu wa likizo. Mvua za Aprili zikianza, hoteli ikifunga, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa "tutakuita".

Tukaamua tulete chama. Sheria inamtaka mwajiri akitambue chama kikiwa kimepata wengi, zaidi ya nusu. Tulikuwa 64. Tukahitaji sahihi 33. Nilizunguka na ile fomu nyuma ya jiko, stoo, kwenye kufulia shuka, na kila mwenye kandarasi akatia sahihi. Nilipofika kwa Baharia akapangusa mikono kwenye aproni, akaitazama fomu muda mrefu.

"Kaka, hapa wanataka namba ya kitambulisho."

"Acha wazi."

"Nikiacha wazi ndiyo nimesema sina."

Walikuwepo saba kama yeye. Tuliishia 29. Meneja hakuhitaji kumfukuza mtu, hakuhitaji wakili wala askari. Ofisi za vitambulisho zilikuwa zimeshamfanyia kazi yote, bure. Ndiyo maana nashangaa mtu akisimama Muyeye kulalamika kuhusu watu wasio na karatasi. Wakipata karatasi watadai mshahara, na yeye ndugu zake wana mahoteli.

Wapemba walitambuliwa kuwa raia mwaka 2023. Baharia alikuwa ameshaacha jiko, mgongo umekwisha.

Kuhusu chama chenyewe sina mapenzi ya upofu. Katibu wetu wa tawi tulimwona mara mbili, zote mbili karibu na uchaguzi wake, na michango yetu sijui ilijenga nini. Lakini kufunga mahoteli? Tahadhari za safari za 2014 na korona ya 2020 zimesahaulika mapema hivi?

Na watu wa kuja ni akina nani? Makhan Singh alizaliwa Punjab, akaletwa Nairobi akiwa kijana, akaunda chama cha wafanyakazi 1935, serikali ya kikoloni ikajaribu kumfukuza nchini, ikashindwa, ikamweka kizuizini miaka 11. Angefika kwenye benchi letu na kilemba chake, asingepita. Anayepita ni mwenye kibali cha mwekezaji, kwa mtaji wa dola 100,000. Huyo haulizwi jina lina maana gani. Sina ugomvi na Waitaliano waliowekeza mji huu, jamani. Wamenifunza kupika tambi, na Kiitaliano changu ni kizuri kuliko Kiingereza changu. Nasema tu kwamba dola nazo zina dini, na wafuasi wake hawapigwi msasa.

Dini kwenye siasa, basi. Mwaka 1992 chama cha IPK (Islamic Party of Kenya) kilinyimwa usajili kwa sababu ni cha Kiislamu, na Katiba ya 2010 nayo imekataza vyama vya dini. Sawa, nimekubali. Nitafurahi zaidi siku mkiniambia wanasiasa wanafanya nini madhabahuni kila Jumapili na bahasha zao.

Lakini kuna jambo sijalisema, na nikilificha makala haya yote ni unafiki. Uchaguzi mmoja uliopita mwenzetu wa jikoni, Mgiriama, Mkristo, aligombea wadi. Ndiye aliyelala sero siku mbili kwa ajili ya mgomo wetu. Barazani kwetu, baada ya Ishaa, mjomba wangu akasema: "Mtu mwema, lakini si wetu." Wote wakaitikia kwa vichwa. Mimi, huyu mkali mnayemsoma, nilikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Nikakinywa. Kura zilipohesabiwa alishindwa, na alipokutana nami sokoni alinisalimu kama kawaida, "Habari ya nyumbani, mwalimu," kwa kuwa ndivyo alivyokuwa akiniita. Sikuweza kumtazama.

Mwana wa dada yangu bado anangoja. Jumapili hii mheshimiwa mtarajiwa ana mkutano Barani, na vijana wake wamepita nyumbani kumtafuta akawapangie viti, shilingi 300. Kitambulisho hawakumwomba.