Mtunzi wa Riwaya, Karani wa Mtaa

Jirani akinikuta nyumbani saa nne asubuhi, kikoi kiunoni, anajua sina kazi. "Mwalimu, kwa vile umekaa tu, nishikie mtoto nifike sokoni." Nimekaa tu! Mhusika wangu amekwama kwenye mto uliofurika tangu wiki jana, na mimi nashikishwa mtoto mwenye ndizi. Ndizi yenyewe imeingia chini ya herufi M ya kompyuta. Jaribu kuandika Kiswahili bila M.

Mchapishaji naye ana swali moja: "Hii itatahiniwa?" Kwamba haisisimui, hilo halimhusu. Riwaya isiyoteuliwa kutahiniwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, haina mnunuzi, na ili iteuliwe wahusika wangu hawaruhusiwi hata kushikana mikono gizani. Juu ya hayo, sheria ya 2013 ilivitwika vitabu kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16. Mrabaha wangu hata hautoshi kulipia tokeni za stima.

Kusoma nasoma, lakini vitabu vya kutandazwa chini pale mjini. Unainama mpaka kiuno kinalia, na ole wako muuzaji akuone umetabasamu: kitabu cha mia kinageuka cha mia tatu. Siku hizi nakiokota kwa kununa, kama mtu aliyetumwa.

Jioni nakwenda kutazama mchezo wa kuigiza pale Ukumbi wa Taifa, Nairobi, mkabala na hoteli ya Norfolk. Umekuwapo tangu 1952, na naupenda kweli. Ninaokosana nao ni watazamaji. Mfalme anakata roho jukwaani, bwana wa kiti cha pembeni ananong'ona kwenye simu kwa sauti ya mnadani: "Niko kwa mchezo! Hapana, bado hajafa!" Mkitoka nje mvua imenyesha, basi nauli ya Kayole imepanda maradufu. Makanga hana habari na sanaa.

Na kazi yangu iliyosomwa na watu wengi kuliko zote? Wasifu wa marehemu. Mtaa mzima ukifiwa, mlango unaogongwa ni wangu, usiku, na malipo ni sahani ya pilau. Wahariri wake ndio wakali sasa. Juzi familia nzima ilinizunguka mezani: "Weka kwamba alipenda kanisa. Mke wa Nakuru mtoe." Dakika tano baadaye simu ikalia. Ni mke wa Nakuru, anauliza ameandikwa ukurasa wa ngapi.