Jaribio lisilo na daftari

Jumapili iliyopita, chai haijachemka, kwenye kundi letu la kikoba ikaingia sauti ya dakika nne. Msemaji ni mzee ninayempa shikamoo tangu navaa kaptula, kwa hiyo jina lake naliacha. "Wazazi wa Tabora, amkeni. Watoto wetu wanafanyiwa majaribio hospitalini. Ukiletewa karatasi usisaini. Wakitaka damu, kataa." Chini yake vidole gumba kumi na tisa, na amina zisizo na idadi.

Hofu hiyo naijua ilikotoka. Bibi yangu pale Ng'ambo alikuwa anatufungia ndani kila gari geni lilipopita jioni. Mumiani hao, ingieni! Hatukuwahi kumuuliza mumiani anaipeleka wapi damu yote hiyo. Naona siku hizi kavaa koti jeupe, na habari zake zinasafiri kwa bando.

Sasa tuongee habari ya dripu.

Sisi watu wa hapa tuna imani na dripu ambayo hata masheikh na mapadri wangeitamani. Mtoto akilazwa, ndugu wakija kumwona hawaulizi anaumwa nini, wanauliza "ametundikiwa?" Kama hajatundikiwa, basi daktari mzembe. Mdogo wangu alipolazwa na malaria kali, miaka ya tisini, mama aligombana na nesi mpaka chupa ikaning'inia, ndipo akakaa kitako akavua kandambili. Mdogo wangu alipona. Nyumbani kwetu sifa zote zilikwenda kwa ile chupa.

Tusimcheke mama. Wataalamu nao waliamini jambo linalokaribiana na hilo. Mtoto anayefika na homa kali, mikono ya baridi, damu haizunguki vizuri, miongozo ya nchi tajiri ilisema amiminiwe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Akili inakubali kabisa. Hospitali zetu zilionekana nyuma kwa sababu hazikuwa zikifanya hivyo kila mara. Ndipo Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyekuwa Kilifi, pamoja na wenzake wa Kenya, Uganda na Tanzania (kwetu ilikuwa Muheza), wakasema tupime. Watoto 3,141. Baadhi wakamiminiwa maji ya chumvi kwa haraka, baadhi albumini (maji yenye protini ya damu) kwa haraka, na wengine hawakumiminiwa kwa haraka, walipewa tiba nyingine zote na maji ya kawaida ya kuwashikilia. Wengi walitarajia waliomiminiwa wangeshinda.

Januari 2011 utafiti ukasimamishwa kabla ya kumalizika. Kati ya kila watoto mia ambao hawakumiminiwa kwa haraka, walikufa kama 7 ndani ya saa 48. Kati ya waliomiminiwa, walikufa zaidi ya 10. Chumvi au albumini, hesabu ilikuwa ileile.

Rudia kuisoma hiyo aya. Mimi niliirudia mara tatu nikikumbuka kandambili za mama.

(Watoto waliokaukiwa maji kwa kuhara hawakuwamo kwenye utafiti huo. Asije mtu akamnyima maji mtoto wa kuhara halafu akasema kasoma kwangu.)

Mzee wangu, hapa ndipo tunapopishana. Unasema watoto wasifanyiwe majaribio. Wale waliomiminiwa maji hayo kabla ya 2011, duniani kote, walikuwa wanafanyiwa nini? Kila mmoja alikuwa jaribio. Ila jaribio lile halikuwa na daftari. Hakuna mzazi aliyeombwa saini wala kamati iliyokaa kuhesabu na kusema simamisheni. Mtoto alipokufa tuliambiwa ugonjwa ulikuwa mkali, nasi tukasema Mungu kampenda zaidi, tukaenda kuzika. Daktari mmoja kwenye wodi moja hawezi kuona watoto watatu wa ziada katika mia. Macho yake yanamwonyesha aliyepona, naye anaisifu dawa, kama sisi tulivyoisifu chupa. Watatu hao wanaonekana tu ukiwa na maelfu, ukaandika kila jina, ukahesabu bila kumpendelea yeyote. Kazi hiyo ndiyo unayotuambia tuikatae!

Wale tuliokunywa kwinini tukavuma masikio kama mzinga wa nyuki wa Sikonge, tunajua kwa nini leo mtoto wa malaria kali anachomwa atesuneti. Ni kwa sababu watoto 5,425 wa Afrika, wa Tanzania wakiwamo, waliingia kwenye utafiti uliochapishwa 2010: kwa kwinini walikufa asilimia 10.9, kwa atesuneti 8.5. Wajukuu wa mzee wangu wamechomwa sindano hiyo hapahapa Tabora. Hakuituma sauti siku hiyo.

Na kama kuna mkoa usiostahili kununa, ni huu. Utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta malaria kwa asilimia 23 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano, wakati nchi nzima ilikuwa asilimia 8. Namba moja Tanzania. Kombe hilo sijaona likizungushwa mjini.

Nilimpigia mzee simu badala ya kumjibu kundini, maana mkubwa habishiwi mbele za watu. Akanisikiliza vizuri. Kisha akauliza, "Mwanangu, wale waliokuja mtaani kwetu kuwatoboa watoto vidole, wakatuachia mche wa sabuni, walirudi kutuambia walikuta nini?"

Nikakaa kimya. Hawakurudi. Mwanangu alikuwa mmoja wa waliotobolewa, na ile sabuni tuliifulia soksi.

Basi, hapo mzee ana haki, na inaniuma kusema hivyo. Matokeo yanasomwa kwa Kiingereza na watu wasiojua Isevya iko upande gani, na aliyetoa damu anabaki na povu. Tena zile karatasi! Nimeona fomu iliyosema mtoto atapangiwa kundi "kwa bahati nasibu". Jamani. Mama yuko na mtoto wa degedege saa nane usiku, unamwambia bahati nasibu, yeye anawaza tiketi na mshindi wa pikipiki. Ule utafiti wa maji angalau ulitambua kwamba mzazi aliyechanganyikiwa hawezi kusomewa kurasa: alielezwa kwa ufupi, akakubali au akakataa kwa mdomo, na maelezo kamili yakaja hali ilipotulia. Wapo wanaosema hata hiyo haitoshi. Sina ugomvi nao. Najua pia kwamba utafiti wa watu hauruhusiwi bila kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na majaribio ya dawa yanapita TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, lakini kibali cha makao makuu hakimwelezi mama wa Kaliua kitu.

Jana jioni Mama Zuhura, jirani yangu, alikuja na fomu aliyopewa kliniki. Sauti ya mzee alikuwa ameisikia, na yeye ni mmoja wa wale vidole gumba kumi na tisa. "Baba Idrisa, nisomee, mimi hii lugha siielewi." Tulikaa chini ya mwembe tukasoma polepole mpaka taa zikawashwa. Tumefika ukurasa wa pili. Ana maswali saba mpaka sasa, ameniomba nimwandikie kwenye karatasi ya daftari la Zuhura ili Alhamisi asiyasahau. La kwanza ni: "Mkimaliza, mtarudi?"