Mie Nafuga Maji

Hapa Kikwajuni, mjini Unguja, ukimwambia mtu unafuga kuku, anakuelewa. Njiwa, anakuelewa. Mie nafuga maji. Tangi la kioo la lita 60 limekaa sebuleni, lina mchanga, lina majani, lina chujio linalobubujika usiku kucha, na wiki za mwanzo ndani hamkuwa na hata kiluwiluwi. Kila mgeni wa mke wangu akiinama, akigonga kioo, kisha: "Samaki wako wapi?" Bado, maji hayajaiva. "Kwani unayapika?" Hapo ndipo hamaki ziliponipanda.

Jamani, samaki anatoa amonia kupitia mashavu, yale yale tunayoyafunua sokoni kutazama kama mbichi. Baharini inapotea. Ndani ya kioo haina pa kwenda, inamuunguza mwenyewe. Mpaka waje bakteria wa kuigeuza iwe nitriti, nayo ni sumu vile vile, halafu waje wengine waigeuze nitriti iwe nitrati, ambayo samaki anaivumilia hadi utakapobadilisha maji. Hawa mabwana wanachukua wiki nne, sita, pengine zaidi, mpaka wajae kwenye sponji ya chujio. Na hawahimizwi. Ukimtia samaki kabla yao, unamzika mzima.

Na kuwaita lazima kitu kioze, kitoe amonia. Nikachukua kamba mbichi, nikamfunga kwenye kitambaa cha soksi, nikamtumbukiza. Mama watoto alipomwona hakusema kitu kwanza. Akaenda jikoni, akarudi, akaangalia tena. "Kamba wa kutiwa nazi, baba watoto? Sisi tunakula dagaa, kamba unawapa maji?" Nikamweleza habari ya amonia. Akaniambia amonia kama naitaka, banda la kuku la jirani liko nyuma ya nyumba, sina haja ya kwenda diko.

Paka naye siku hizo alihamia juu ya kabati.

Lakini kamba si kitu mbele ya kipimo. Unachota maji kwenye kichupa cha kioo, unatia matone, unatikisa, unangoja rangi. Kipimo changu cha amonia kikigeuka kijani, ipo. Kikibaki njano, haipo. Basi siku kilipokuja njano safi, nikakishika dirishani kwenye mwanga, nacheka peke yangu, na mkwe wangu ndiyo kwanza anaingia. Akaangalia kichupa, akaniangalia mie, akamwuliza mtoto wake pembeni, sauti ile ya kunong'ona inayofika barazani: "Mumeo anaumwa nini?" Mpaka leo nikienda kwao napewa maji ya madafu, ati yanasafisha figo.

Shida nyingine ni hayo maji yenyewe. Ya bomba yana klorini, na klorini haichagui, inaua na wale bakteria wangu. Lazima yalale kwenye ndoo usiku mzima, wazi, itoke. Haya, katika nyumba ambayo maji ya bomba yanatoka yakipenda, nenda ukaache ndoo imejaa uani halafu uamke uikute! Alfajiri shemeji kaiogea, ananishukuru.

Angalau hita sikununua, joto la Unguja linatosha bure. Ila umeme ukikatika chujio linanyamaza, na bakteria wanataka hewa kama sisi. Wenzangu wanatafuta mishumaa, mie nakoroga tangi kwa mwiko. Kisiwa hiki mwaka 2008 kilikaa bila umeme karibu mwezi mzima. Nikikumbuka hilo mkono wenyewe unakoroga.

Muuzaji ndiye aliyetaka kuniua. "Chukua hawa wa dhahabu kumi, hawana tabu." Hawana tabu kwake! Samaki wa dhahabu anakua mkubwa na anachafua kupita kiasi, kumi kwenye lita 60 ni daladala ya sikukuu. Akanionyesha neoni, wale wenye mstari unaong'aa. Neoni anapenda maji laini, yasiyo na chokaa; yetu yametoka kwenye mawe ya chokaa, birika langu lina ukoko mweupe kama limepigwa rangi. Nikachukua gapi, wao maji magumu ndiyo yao. Majike matatu, dume sikutaka, nisije nikajaza nyumba.

Wakazaa. Kumbe jike la gapi likishakutana na dume linahifadhi mbegu miezi, linazaa tena na tena peke yake. Wewe waeleze hayo mabibi wa barazani.

Na kinachoniuma, gapi asili yao Amerika ya Kusini, nawabembeleza hivi, na Unguja tunaye wetu. Nothobranchius guentheri, mkia mwekundu, porini hapatikani duniani ila kisiwa hiki. Anaishi kwenye vidimbwi vya mvua. Kidimbwi kikikauka anakufa, mayai yanalala kwenye udongo mpaka mvua nyingine, yanaangua, maisha yanaendelea. Hana chujio, hana kipimo, hana mkwe.

Sasa jirani wa kuku, aliyecheka kuliko wote, kaja na ndoo ya kioo aliyopewa na bosi wake. Anataka watoto wa gapi. Nikamwambia, ngoja kwanza mwezi maji yaive. Akasema nimpe maji yangu. Nikamwambia, maji hayana kitu, bakteria wako kwenye sponji.

"Basi nikatie sponji."

Nikamkatia, ningefanyaje, jirani. Akaitia kwenye chujio lake, akachukua gapi wanne, na wiki ya pili wanaogelea wazima, kipimo njano. Jana kaniuliza mbele ya mke wangu, kwa upole kabisa: yule kamba alikuwa wa nini?