Gita lililonguruma kuliko pikipiki

Ukiniuliza nani aling'ara kuliko wote katika The Wild Angels, filamu ya magenge ya pikipiki aliyoiongoza Roger Corman mwaka 1966, sitakutajia Peter Fonda wala Nancy Sinatra. Nitakutajia gita la Davie Allan.

Allan na bendi yake ya Los Angeles, The Arrows, walipiga ala tupu, bila mwimbaji. Silaha yao ilikuwa fazi: kidude kinachokuza mawimbi ya sauti ya gita hadi vilele vyake vinakatika, ukabaki mkwaruzo mnene. Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi, ambako mpiga solo husifiwa kwa noti safi, tunaweza kudhani spika imechanika. Wala si mbali na ukweli. Kule Nashville, Marekani, mtambo wa studio ulileta hitilafu mpiga gita Grady Martin akipiga gita la besi. Mkwaruzo ukaachwa kwenye santuri iliyotoka 1961, na mwaka uliofuata kampuni ya magita ya Gibson ikauza kifaa cha kuuzalisha makusudi.

Sikiliza "Blues' Theme", iliyopewa jina la mhusika wa Fonda. Noti zake ni chache mno, hata anayejifunza gita atazishika. Lakini fazi inazivuta, zinanguruma, na kila moja inaingia kwa kiburi kama mtu asiyebisha hodi. Mazungumzo ya filamu ile, tuseme kweli, ni mepesi. Hasira ya wale vijana inasemwa na gita. Mwaka 1967 kibao hicho kilifika nafasi ya 37 kwenye chati ya Billboard ya Marekani.

Baada ya hapo oda za muziki wa filamu zikamiminika: Devil's Angels, The Glory Stompers, zote za 1967. Mtayarishaji wa muziki huo alikuwa Mike Curb, aliyesoma shule na Allan (huyo huyo aliyekuja kuwa naibu gavana wa California!). Kazi nyingine za kipindi hicho ni za kujazia tu, sikatai.

Kisha ikaja Easy Rider, 1969. Fonda tena, pikipiki tena, ila safari hii nyimbo nyingi zilichukuliwa kwenye santuri zilizokwisha kutoka: Steppenwolf, The Byrds, Jimi Hendrix. Wengi huuona huo kuwa ushindi. Mimi naona kuna kilichopotea. Nyimbo hizo nazipenda, lakini maneno yake yanawatetea waendeshaji hata kabla sijawajua. Gita la Allan halikumtetea mtu. Wale vijana niliwaogopa kwanza.