Valvu ikifa mkononi mwako sikudai, fyuzi nakudai

Ampu yangu, kile kikuza sauti cha gita, ilirudi Jumatatu usiku kwa bajaji, imefunikwa kanga, na kijana aliyeiazima kupigia harusini akawa ameshatokomea kabla sijamaliza kumkaribisha. Hapo tu ningeshtuka.

Ni Fender Deluxe Reverb ya wati 22. Nyuma ina valvu mbili kubwa za aina ya 6V6, mirija ya kioo inayokuza sauti, ndizo zinazoisukuma spika. Valvu nzima ikiwaka huwa na kimwanga cha rangi ya chungwa katikati, kama kaa la mwisho jikoni. Safari hii moja ilikuwa imeiva mpaka bati lake la ndani, jekundu kabisa, spika inanguruma na mimi sijagusa gita. Nikazima. Nikafungua kifuniko cha fyuzi nikakuta kile kichupa kimeviringishiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.

Sasa tuelewane. Valvu kufa si kosa la mtu. Ni kama tairi: inalika kila ukitembea. Ikitikiswa kwenye bajaji ikiwa bado ya moto, umeme nao ukipanda na kushuka, siku yake inafika. Ingeweza kunifia mimi mwezi ujao. Kwa hiyo simdai valvu, ingawa siku hizi nyingi zinatoka Urusi, Slovakia au China, na mpaka ifike Kinondoni mfuko umeshalia.

Ninachomdai ni fyuzi. Ilikatika kwa sababu valvu ilipiga shoti, na kazi yake ni hiyohiyo, kukatika. Yeye akaona harusi isilale, akaifunga karatasi, moto wote ukahamia kwenye transfoma ya ndani ya ampu. Valvu unaichomoa na kuchomeka nyingine. Transfoma ikiungua inasukwa upya, waya mwembamba kama unywele, mizunguko kwa mizunguko. Fundi wangu wa Kariakoo hata hakuchukua mita; aliinusa tu, akaniangalia kwa huruma.

Wenzangu wanasema dawa ni kutoazimisha tena. Hapo tunatofautiana. Muziki wa dansi wa nchi hii umekulia kwenye vyombo visivyo vya wapigaji. NUTA Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi na vyombo vilikuwa vya chama. Ukihama bendi, gita unaliacha. Mimi mwenyewe solo nimejifunzia gita la jirani, na sina hakika kama nilimrudishia nyuzi zote sita.

Kwa hiyo nitaendelea kuazimisha. Ila sasa kwenye mfuko wa ampu nimetia fyuzi mbili za saizi yake, na mgongoni nimeandika kwa rangi nyeupe: IKIZIMA MARA YA PILI, IACHE. NIPIGIE. Chini yake: USIWASHE BILA SPIKA, maana hilo nalo linaua transfoma. Na asifungue mtu ndani kujifanya fundi. Mle kuna volti zaidi ya 400, na hata ukishachomoa waya ukutani, kapasita, vile vihifadhi umeme, zinaweza kubaki nazo zinakusubiri.

Alhamisi kijana akapiga simu. "Shikamoo kaka. Ile ampu uliipata salama?"

Nikamwitikia marahaba, kisha nikamuuliza anavuta sigara gani.