Kiboko, Mwambie Mkwe Wako

Leo asubuhi, kabla sijameza funda la pili la chai, simu ikalia. Nikadhani kuna mtu kanitumia pesa. Umri huu wote na bado nina imani ya namna hiyo. Kumbe ni ujumbe: "Mpendwa mgeni, wanyama wetu wamekukumbuka! Rudi upate punguzo la asilimia 10."

Wanyama wenu wa saruji na faiba? Wamenikumbuka kwa lipi? Mimi mwenyewe chai nainywa kwa mikono miwili kwa sababu mmoja peke yake unaimwaga, na aliyenifikisha hapa ni mnyama wenu.

Jina la mahali hapo pa kuchezea watoto silitaji. Ni njia ya Entebbe, ukishapita Kajjansi unakata kuelekea ziwani. Mnaopajua mnapajua, na mnaotaka kupajua subirini watoto wenu waanze kusikia habari zake shuleni. Ndivyo ilivyoanza kwangu. Jirani kawapeleka wanawe, wakarudi na kofia zenye masikio ya chui, basi nyumba yangu haikulala. Mama watoto akasema, twende Idd pili. Nikakubali, maana mwanamume hakatai jambo lililokwisha kupitishwa. Ndipo akaongeza, taratibu, huku anakunja nguo: "Na mama naye atakuja."

Hapo ndipo ningeugua ghafla kama ningekuwa na akili.

Mimi ni mtoto wa Bombo, nimezaliwa kambini kwa wanajeshi, Kiswahili nimenyonya. Mke wangu ni Muganda, na kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani, hawaketi kiti kimoja, hawatazamani usoni. Ukikiuka unapatwa na obuko, mikono inakutetemeka mpaka kaburini. Miaka 11 nimesalimiana na mama mkwe kupitia ukuta. Ni uhusiano mzuri sana. Ningewashauri na nyinyi.

Basi kwenye taksi yeye akakaa nyuma kabisa, mimi mbele kwa dereva, gia katikati ya magoti. Dereva hakutaka kulipia barabara mpya, kwa hiyo Namasuba, Zana na Lubowa tulisoma vibao vyote mpaka vya waganga. Hayo nayaacha.

Langoni kuna twiga wa mbao mwenye mistari. Mtoto asiyefika goti la twiga anaingia bure, anayelipita analipa, anayefika kifuani analipa kama mtu mzima. Kitinda mimba wangu ana miaka minne, na mama yake alikuwa amemfunga nywele mafundo mawili juu ya kichwa kwa ajili ya Idd. Kichwa hakikufika goti. Mafundo yalifika. Mlinzi akasema twiga haangalii nywele wala fuvu, anaangalia kinapoishia kitu. Nikayakandamiza mafundo kwa kiganja, yakainuka tena, nikayakandamiza, yakainuka, na foleni nyuma ikaanza kunipa moyo. Nililipa shilingi 10,000 za mafundo.

Chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi. Wakapekua mikoba yetu, wakachukua chapati zangu sita. Mama mkwe alipita katika gomesi yake, lile gauni la Kiganda, na mshipi wake mpana, na hakuna mlinzi aliyezaliwa na mama atakayepekua mshipi wa jajja, yaani bibi. Shikeni hilo, litarudi.

Ndani sasa. Kuna tembo wa saruji anayetoa maji mkongani, siku hiyo maji hayakuwepo. Kuna korongo taji, ndege wetu wa kwenye bendera, ambaye taji lenyewe limeng'oka, kwa hiyo ni korongo tu. Kuna simba, na ndani ya kinywa chake unauziwa soda. Halafu, juu ya pipa la taka nyuma ya jiko, alikuwepo kaloli. Kaloli wa kweli, ndege yule yule mwenye kipara na mfuko unaoning'inia shingoni, aliyejinyea miguu mpaka ikawa nyeupe kama aliyevaa soksi za shule. Wa kwangu wa katikati akamwona, akapiga kelele za furaha, akasimama pale karibu saa nzima. Kaloli! Bwaise ninakoishi kaloli ni wengi kuliko wapangaji wanaolipa. Nimelipa kiingilio cha watu sita ili mwanangu akamtazame jirani yetu.

Mbele ya sanamu la faru mama watoto akataka picha, nami nikaona nioneshe kwamba nimesoma. Nikawaambia watoto: faru wa kweli hapa Uganda waliisha kabisa mwaka 1983, bunduki ziliwamaliza. Mwaka 2005 wakaletwa wanne kutoka Kenya, na mwaka uliofuata wawili kutoka Marekani, wakapelekwa Ziwa, hifadhi ya faru kule Nakasongola. Na hao wawili wa Marekani walitoka wapi? Disney's Animal Kingdom, Florida! Mahali pa kuchezea watoto, kama hapa, ila kule faru anapumua. Mwaka 2009 akazaliwa ndama wa kwanza, mama yake wa Marekani, baba yake wa Kenya, wakamwita Obama. Kifungua mimba akaniuliza, "Sasa mbona hatukwenda Ziwa?" Huyu mtoto simpendi akianza kufikiri. Lakini jamani, watu wanapanga foleni ya viza usiku kucha, na kuna faru aliyeondoka Florida akahamia Nakasongola, nauli kalipiwa.

Nirudi kwenye msiba wangu.

Wana gurudumu kubwa, lile la kupanda juu na kushuka, na badala ya viti wametundika wanyama. Kila mnyama watu wawili. Tikiti shilingi 10,000, hairudishwi. Mpango wangu ulikuwa nibaki chini nimeshika mikoba, ambayo ndiyo kazi ya baba kokote duniani. Lakini mama watoto alishanunua tikiti sita. Yeye na kitinda mimba wakaingia kwenye twiga, wale wakubwa wawili wakarukia simba. Mama mkwe alikwisha kuketi zamani, peke yake, kwenye kiboko. Hakuchagua ovyo. Yeye ni wa ukoo wa Nvubu, na nvubu ndiye kiboko mwenyewe. Mwiko wake, ndugu yake wa damu. Alimpapasa kichwani kabla ya kupanda, akamwamkia.

Nikasema tikiti yangu ipotee tu. Kijana wa mashine, kavaa fulana ya pundamilia, akasema, "Mzee, ingia, kiboko hawezi kwenda upande mmoja mzito." Nikamsogelea, nikamnong'oneza kwa Kiswahili, maana Kiganda changu hakifiki kwenye mambo mazito: "Kijana, siwezi kuketi pale. Yule ni mama mkwe wangu."

Nyinyi mnajua Kiswahili kikitoka ghafla mbele ya mtu wa Kampala kinafanya nini. Baraza la mawaziri lilipitisha mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini huyu shule alishamaliza. Kwake Kiswahili ni cha mwanajeshi au cha mwizi, na nilikuwa nimevaa kanzu. Akaunganisha visigino. "Ndiyo, afande!" Akafungua kile chuma, akanishika kiwiko kwa heshima zote, akanitumbukiza ndani ya kiboko.

Nilijibana pembeni mpaka ubavu ukapata alama ya msumari. Kati yangu na gomesi ilibaki nafasi ya kupita mkono wa mtoto. Mama mkwe akageuza uso kuelekea ziwani. Mimi nikageuza kuelekea Kampala. Gurudumu likaanza, kiboko akayumba, nikashika kitu cha kwanza nilichokiona, ambacho kilikuwa sikio lake. Tulipofika juu kabisa, juu ya kila kitu, kukasikika mlio wa tumbo la jenereta, halafu kimya.

Mafuta yameisha. Nilimwona kijana wa pundamilia, mdogo kama siafu, akipanda boda na mtungi wa plastiki mkononi.

Kiboko akayumba tena, na sikio likang'oka. Lote. Likabaki mkononi mwangu kama bakuli la uji.

Kwenye twiga, chini yetu, mke wangu akapaza sauti: "Baba Amina, usisogee!" Nisogee niende wapi?

Dakika kama tano hakuna aliyepumua. Kisha mama mkwe, macho yako ziwani, akasema: "Kiboko, mwambie mtu huyo asogeze goti."

Nikasogeza. Nikawaza, kimila hii imekaaje? Nikajibu: "Kiboko, mwambie mama nimesogeza."

Kosa langu ndilo hilo. Nilifungua mlango.

"Kiboko, muulize, lile bati la jikoni kwangu alilosema atabadilisha kabla ya mvua. Mvua ipi?"

"Kiboko, mwambie mama bei ya mabati imepanda."

"Kiboko, muulize, ilipanda kabla hajanunua televisheni, au baada?"

Televisheni imeingia nyumbani kwangu wiki mbili hazijaisha, usiku, imefunikwa shuka. Nikawatazama wale wajukuu wawili ndani ya simba. Wakatazama miguu yao.

"Kiboko, wewe ni wa kwetu. Siku ya kwanjula, ya kuleta mahari, walitamka ng'ombe watatu. Hesabu."

Kiboko hakuhesabu, wala mimi.

"Kiboko, mwambie mama yule wa tatu aliugua njiani."

"Kiboko, ni miaka 11. Ama amepona, ama amekufa."

Shuleni kiboko kilinichapa, sikulia. Sasa kiboko ananihoji, kwa shilingi 10,000, juu angani, na ninasikia mke wangu kwenye twiga akijizuia kucheka. Hapo kitu fulani kikanikatika. Nikasahau kiboko, nikasahau mila, nikageuka nikamwambia uso kwa uso: "Mama, naamka saa kumi na moja. Ada ya shule ya hawa watatu imekula mabati, imekula ng'ombe, bado kidogo inile mimi. Televisheni yenyewe ni ya mkopo. Nifanye nini, mama? Niambie wewe, usimwambie kiboko!"

Kimya. Hata simba wakanyamaza. Nilikuwa namtazama mama mkwe machoni kwa mara ya kwanza tangu nioe. Ana kovu dogo kwenye nyusi. Kumbe macho ndiyo yale yale ninayogombana nayo kila siku nyumbani, ila haya yamechoka zaidi.

Akarudisha uso ziwani. Mkono ukaingia ndani ya mshipi, ukachomoza na kifurushi cha majani ya mgomba. Akatoa ndizi moja ya kuchoma, gonja, akaliweka juu ya kichwa cha kiboko, katikati yetu, pale palipokuwa na sikio.

"Kiboko," akasema, "mtu wako amekonda. Mpe."

Nililila. Lilikuwa na uvuguvugu wa mshipi, na njaa ilikuwa imeniuma tangu chapati zangu zitekwe, na sitaki maswali zaidi kuhusu gonja hilo.

Kijana akarudi na mafuta baada ya dakika 40. Tuliposhuka, msimamizi akaja na kitabu cha risiti: sikio, shilingi 50,000. Nikasema likibandikwa kwa gundi nani atajua? Akasema mali ya kampuni ni mali ya kampuni. Nikamsemesha Kiswahili kile kizito cha kambini. Akanijibu kwa Kiswahili kizito zaidi. Kumbe naye wa Bombo, mtaa wa pili. Nikalipa. Lakini nikasema kama nimelinunua basi ni langu, nikaondoka nalo kwapani, watu wa taksi wakanipisha.

Njiani mama mkwe alimwambia mama watoto, na mama watoto akaniambia mimi, kwamba mambo yaliyosemwa juu hayapo, obuko haihesabiwi mtu akiwa hagusi ardhi. Ila sikio ni jambo jingine. Lile ni sikio la ndugu yake, na kwa hesabu ya ukoo kiboko naye ni mkwe wangu, sasa nani aliniruhusu kumshika? Kuna mbuzi wa kuomba radhi. Sikuuliza ukubwa wa mbuzi.

Ndiyo maana natetemeka. Daktari wa zahanati ya chini kasema ni misuli, nilishika chuma kwa nguvu muda mrefu. Mama watoto anautazama mkono wangu, hasemi kitu, anajaza kikombe nusu tu.

Na sikio lenyewe liko uani. Nilitaka niligeuze chombo cha sabuni, kuku akaniwahi, kataga humo mayai manne na sasa anaatamia. Nikinyoosha mkono ananidonoa. Nilitaka kumhamisha nikaambiwa nisithubutu, mama kapiga simu, kauliza ndugu yake anaendeleaje.